Mwaka Mpya Uliofika Mara Mbili

Asubuhi ya mwaka mpya Bithika alichuchumaa kizingitini, akachora maua kwa uji wa unga wa mchele, huku akijiambia kwamba hampendi tena Prabir. Alikuwa anajidanganya na alijua anajidanganya, lakini mikono ilitaka kazi na moyo ulitaka kitu cha kushikilia. Macho yalikuwa yamemvimba. Usiku kucha alilia kwa makusudi, ili machozi yamwishie kabla ya jua kutoka, maana watu wa kwao huamini kwamba mtu atakavyoshinda siku ya kwanza ndivyo atakavyoshinda mwaka mzima.

"Ua hilo limekwenda kombo," alisema mama yake, Hemlata, akipita na ndoo ya maji. "Na usinitazame hivyo. Mimi sikumkataza kuja."

"Sijasema kitu, Mama."

"Macho yamesema."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba yake, mzee Monoranjan, mkuu wa stesheni mstaafu pale Jessore, hakumtaka Prabir. Kijana alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji huko Dhaka, analala chumba cha kupanga, na wino haumtoki kwenye kucha hata akisugua vipi. Lakini Bithika ndiye mtoto pekee wa mzee huyo, na kwa muda mrefu alikuwa hali akashiba wala hacheki akasikika. Mwishowe mzee akalegeza kamba. "Aje siku ya kwanza ya mwaka," alisema. "Aje na mkubwa wake, ainame miguuni pangu, aseme kwa kinywa chake. Asipokuja siku hiyo, binti nampa Mukunda wa Khulna kwa ajili ya mwanawe." Mukunda alikuwa na duka la dawa, mtoto wa kiume mpole, na haraka ya kupata mkwe.

Ujumbe huo ulipelekwa neno kwa neno kwa shangazi yake Prabir, Kamala, aliyekaa mtaa wa pili, na ambaye nyumbani kwake ndiko vijana hawa walikoanza kutazamana. Tangu hapo Bithika akapigwa marufuku kutia mguu kwa Kamala mpaka siku ifike.

Siku ya kwanza ya mwaka, basi. Nyumba ya mzee Monoranjan ilifuata kitabu cha falaki, na kwa kitabu hicho mwaka ulikuwa unaanza leo. Lakini kalenda ya serikali ilikuwa imepangwa upya miaka michache nyuma, na kwa kalenda hiyo mwaka ulianza jana. Dhaka nzima iliimba jana. Naye Prabir alikuwa mtu wa Dhaka, tena mchapaji wa hizo hizo kalenda zinazotundikwa kwenye kuta za watu. Siku zilipokaribia Bithika akawaza, akawazua, kisha akamwendea baba yake na ombi ambalo sasa alilijutia. "Baba, yeye atahesabu kwa kalenda ya kwao. Atakuja siku moja kabla yetu. Nakuomba umngojee siku hiyo."

Mzee aliguna, akakubali. Kwa hiyo jana, siku ya mwisho ya mwaka wa kwao, siku ya kula mwarobaini na majani machungu, siku ambayo hakuna mwenye akili timamu anayepokea posa, mzee Monoranjan alinyoa ndevu, akavaa koti lake jeusi la stesheni, akakaa barazani. Joto la mwezi huo linajulikana. Alikaa tangu asubuhi, jasho likimtiririka shingoni, majirani wakipita na kumuuliza treni gani anaisubiri. Giza lilipoingia alisimama, akalivua koti na kulikunja vizuri.

"Hata abiria asiye na tiketi huomba radhi," alimwambia mkewe, na hakusema kingine usiku ule.

Alfajiri ya leo, mwaka wao ulipoingia tu, alimwamsha mdogo wake Bishu, akampa chungu cha vitamu vya maziwa na fungu la tambuu, vitu vya kumkubalia Mukunda, akampandisha treni ya saa moja ya kwenda Khulna.

Bithika alikuwa kwenye ua la mwisho aliposikia kengele ya riksho ikilia nje.

"Simama hapa, wewe," sauti ya mwanamke ilimkaripia dereva. "Au unataka kutufikisha Calcutta?"

Ilikuwa sauti ya shangazi Kamala. Akashuka, mnene, anang'aa, sari mpya yenye pindo jekundu. Nyuma yake akashuka Prabir. Alivaa kanzu fupi nyeupe iliyotiwa wanga mpaka inasimama yenyewe, nywele kazipaka mafuta, na mkononi amening'iniza samaki mkubwa wa mtoni aliyepakwa rangi nyekundu kichwani, samaki wa posa. Akamwona Bithika. Akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, la mtu aliyetoka mbali akafika.

Bithika alisimama ghafla na kulikanyaga ua lake.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kuposa," Prabir alijibu, naye kwa sauti ndogo. "Au umebadili mawazo tangu mwaka jana?"

Ulikuwa utani, na siku nyingine yoyote angecheka. Leo alishika mwimo wa mlango.

"Mwache kwanza akaione miguu ya mzee," Kamala alisema akimsukuma mpwa wake begani. "Kutazamana mtatazamana mpaka mchokane."

Mzee Monoranjan alitoka ndani aliposikia sauti. Kabla hajasema neno, Prabir alimkabidhi shangazi yake samaki, akainama mpaka chini, akaigusa miguu ya mzee kwa mikono miwili na kuipeleka mikono hiyo kwenye paji lake la uso. Shikamoo ya kwao hushikwa kwelikweli. Mkono wa mzee ukaitangulia akili yake, ukamwekea kijana baraka kichwani, kisha akauondoa haraka.

"Jana ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Jana, mzee? Hapa hapa mjini. Kwa shangazi."

"Hapa hapa mjini."

"Niliingia juzi jioni. Jana nilitaka kuja, ila shangazi akanizuia."

"Kwa nini nisimzuie?" Kamala alidakia. "Jana watu wanakula mwarobaini, mwaka unakata roho, yeye anataka kwenda kuposa. Nikamwambia, mzee Monoranjan ni mtu wa falaki, atakukimbiza wewe na samaki wako."

"Nami nikaona ni kweli," Prabir alisema, na sasa alikuwa anamtazama Bithika, si mzee. "Wenzangu Dhaka walikuwa barabarani wanaimba. Mimi nikaiacha sikukuu yangu nikapanda basi. Nilisema mwaka huu sikukuu yangu ni ya kwenu."

Hemlata aliiweka ndoo chini taratibu.

"Na mimi," Bithika alisema, "nilimwomba Baba akungoje kwa sikukuu yako."

Ilimchukua Prabir muda kidogo kuelewa. Aliangalia uso mmoja baada ya mwingine, tabasamu likiwa bado limesahaulika pembeni ya mdomo. Halafu likaondoka.

"Mlinisubiri jana?"

"Kutwa," alisema Hemlata. "Na koti."

"Basi, mzee, nisamehe. Nisamehe sana. Lakini leo nimekuja, na leo ndiyo siku ya kwanza. Hakuna kilichoharibika."

Mzee Monoranjan alitazama mahali pengine. "Mdogo wangu Bishu ameondoka na treni ya saa moja. Anapeleka neno Khulna."

Shangazi Kamala alijikuta amekaa kwenye ngazi, samaki yuko mapajani mwake, rangi nyekundu inaichafua sari mpya, wala hajali.

Msichana wa kwao hazungumzii ndoa yake mbele ya wageni. Hukaa nyuma ya pazia, akasikiliza, akaambiwa. Bithika aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini alijua pia jambo jingine, na kama asingelisema saa ile, lingemtafuna maisha yake yote.

"Baba," aliita. "Stesheni kuna simu."

"Bithika," mama yake alimwonya.

"Simu ya stesheni inafika Khulna, Baba. Wote kule wanakujua. Ukiwaambia wamzuie baba mdogo pale pale jukwaani, asitoke nje, watamzuia. Neno bado liko njiani."

"Unajua unaniomba nini?"

"Najua."

"Jana uliniomba nikae barazani, nikakaa. Nimechekwa na mtaa mzima."

"Najua, Baba. Sitakuomba tena kitu. Hiki tu."

Mzee alikuwa mtu aliyeishi kwa saa na bendera, treni ikishapewa bendera ya kijani haiitwi tena. Alimgeukia Prabir, akamkagua tangu nywele zenye mafuta mpaka kucha zenye wino.

"Huko Dhaka utamlaza wapi mwanangu?"

"Chumba kimoja, mzee. Kina dirisha kubwa upande wa mashariki. Siwezi kukudanganya kwamba kuna zaidi."

"Ungekuja ukasema hivyo jana," mzee alisema, "ningekupa jana hiyo hiyo."

Akavaa viatu bila kufunga kamba, akachukua mwavuli ambao hakuuhitaji, akapanda riksho ile ile iliyowaleta wageni. Bithika aliitazama ikienda, mgongo wa baba yake ukiruka ruka kwenye mashimo ya barabara, na kwa mara ya kwanza tangu jana alipumua mpaka chini ya mbavu.

Shangazi Kamala naye hakuwa mtu wa kukaa kinyonge. "Hemlata, samaki huyu hatanuka hapa kwa sababu ya kalenda," alisema. "Nionyeshe kisu kilipo. Mtoto ampe mgeni kitu atie mdomoni."

Wanawake wawili wakazunguka nyuma ya nyumba. Bithika akatoka jikoni na sahani ya vitamu, akaiweka kwenye meza ndogo ya baraza, akasimama karibu na nguzo. Prabir hakuigusa sahani. Alimtazama, akatazama chini, akamtazama tena. Kila mmoja alikuwa na maneno ya mwezi mzima, na kila mmoja alikosa pa kuanzia.

"Unanichukia?" Prabir aliuliza.

"Tangu jana jioni. Nilikuwa nimeshazoea."

"Bithi, nikwambie kitu? Jana nilipanda darini kwa shangazi. Kutoka pale naliona paa lenu na nusu ya baraza. Nikamwona mtu amevaa koti jeusi, amekaa wima juani. Nikamwambia shangazi, hebu njoo umwone mwendawazimu." Alisugua uso kwa viganja. "Nilicheka. Nilicheka mpaka shangazi akaniambia ninyamaze."

Bithika alifumba macho. Alitaka kukasirika, akakuta hana hasira, ana uchungu mtupu.

"Ungetazama dirishani ungeniona na mimi," alisema. "Nilikuwa nahesabu kila riksho."

"Ungetuma hata mtoto wa jirani."

"Nilikatazwa. Na wewe ungeuliza."

"Nilidhani nikiuliza utaniona sijui mambo ya kwenu. Nilitaka baba yako aone mtu anayejua."

Kutoka nyuma ya nyumba walisikia magamba yakiparuzwa na Kamala akilalamika kwamba kisu ni butu.

"Una unga shavuni," Prabir alisema.

"Wapi?"

Prabir akanyanyua mkono, ukafika nusu ya njia, akaurudisha na kujionyesha kwenye shavu lake mwenyewe. Bithika akafuta upande usio na unga. Kijana hakumsahihisha. Alibaki anautazama ule unga, na Bithika alijua anautazama, akauacha.

"Baba yako atawahi," Prabir alisema. "Treni ile huchelewa kila siku. Mimi mwenyewe imeshanilaza njiani."

"Kila siku," Bithika aliitikia. Alikuwa binti wa stesheni, alijua. "Baba alikuwa anasema treni ya Khulna ikifika kwa wakati atachinja mbuzi."

"Basi tuongee mengine. Lile dirisha halina pazia. Nimekuwa natundika kanzu."

"Kanzu?"

"Jua la asubuhi linanipiga usoni. Wewe utataka pazia la rangi gani?"

Ni swali dogo, la kijinga kidogo, na Bithika alilijibu kwa moyo wake wote. Alisema njano. Prabir akasema njano inachuja. Bithika akasema basi itachuja, yeye ataitia rangi upya. Akasema pia atahitaji sehemu ya kuweka jiko, na kamba ya kuanikia, na Prabir asidhani atavumilia magazeti ya kiwandani yaliyorundikwa chini ya kitanda. Prabir akauliza nani kamwambia kuhusu magazeti. Shangazi, akajibu, shangazi hana siri. Wakacheka wote wawili, kwa sauti ya chini, wakiwa wametenganishwa na sahani ya vitamu, na kwa muda ule mfupi walikuwa mke na mume kwenye chumba kimoja cha Dhaka. Hakuna mtu wa kuwanyang'anya hilo, ingawa halikuwasaidia chochote.

Mzee Monoranjan alirudi kwa miguu.

Bithika alimwona tangu kona ya barabara, akajua kabla hajaambiwa. Mtu mwenye habari njema angepanda riksho. Hemlata na Kamala walitoka nyuma ya nyumba, mikono yao imejaa magamba. Mzee aliingia uani, hakwenda kwenye kiti chake. Akakaa ngazini, pale alipokuwa amekaa Kamala.

"Leo treni ilifika mapema," alisema. "Miaka yangu yote ya kazi haikuwahi kufika mapema."

"Hukumpata Bishu?" Hemlata aliuliza.

"Nilimpata. Wote niliwapata. Mukunda alijua jibu ni leo, akaja mwenyewe jukwaani kumpokea. Kile chungu walikuwa wameshakifungua, wanakula pale pale na wahudumu wa stesheni." Alivuta pumzi. "Aliposikia ni mimi kwenye simu akamnyang'anya karani. Alidhani nimempigia kumtakia heri ya mwaka. Akaniita mkwe."

"Nawe ukasemaje?"

Mzee alitazama mikono yake.

"Nikaitika."

Kamala alimsogelea mzee. "Ni neno la simu tu, mzee. Mtu anaweza kusema laini ilikuwa mbaya."

"Aliniita mbele ya stesheni nzima, Kamala, na kitamu kiko mdomoni. Nikaitika. Nilikwenda kumwambia jambo jingine, na nikaitika." Sauti yake ilipasuka. "Nilikwenda kwa nia. Mama, baba yako alikwenda kwa nia."

Alikuwa anamwambia Bithika. Alimwita mama kama alivyomwita alipokuwa mdogo, na hakuthubutu kumtazama.

"Bithika," Prabir alisema. Alikuwa amesimama. Jicho lake lilisema yote, lilisema sema hapana, sema sasa hivi, riksho zipo, basi lipo, chumba kipo.

Angeweza. Hilo alikuja kulikumbuka miaka mingi baadaye, kwamba angeweza. Kama baba angebaki kitini akagoma, angetoka uani ule na miguu mitupu. Kama angemfokea, angemjibu. Lakini huyu alikwenda na viatu visivyofungwa, akarudi kwa miguu juani, na sasa amekaa ngazini kama mgeni kwenye nyumba yake. Bithika alimtafutia kosa ili apate pa kupitia. Akatafuta, asilione.

Akaichukua sahani ya vitamu kwenye meza, akaisogeza mbele ya Prabir kwa mikono miwili.

"Hujala," alimwambia. "Leo mtu haondoki na mdomo mtupu."

Prabir aliiangalia sahani kwa muda mrefu. Alikuwa ameelewa. Akachukua kipande kimoja, akakila chote, polepole, akimtazama usoni, na Bithika hakuinamisha macho. Alitaka amwone vizuri. Aliona wino kwenye ukucha wa kidole gumba, aliona kanzu ile ya wanga imeanza kulegea kwa jasho.

Kijana akainama tena miguuni kwa mzee. Safari hii mzee alikishika kichwa chake kwa mikono yote miwili, asipate baraka ya kusema, akamwachia hivyo hivyo. Shangazi Kamala alijifunga sari vizuri, akamkumbatia Bithika kwa nguvu na kumwachia magamba mgongoni. Samaki wakamwacha jikoni.

Prabir akafika mlangoni, akaruka kwa uangalifu yale maua ya unga asiyakanyage, akamgeukia Hemlata.

"Naenda, Mama," alisema.

Kwao mtu akiaga hasemi naenda. Husema nakuja, hata kama anahamia ng'ambo, hata mgonjwa anayebebwa kupelekwa hospitali, na Hemlata alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko mtaa mzima. Muuza maziwa alikuwa amesharudishwa mara nyingi kutoka barabarani aje aseme upya. Bithika akamtazama mama yake, akimngoja amkaripie kijana, amwambie afute kauli, aage vizuri kama watu.

Hemlata alivuta pindo la sari akajifunika kichwa.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nenda."